Lori lenye lakiri: VPN ya kujificha si VPN ya kutazama mpira

Yaya mmoja (kwetu Lubumbashi ni dada wa kumheshimu, si mlezi wa watoto) wa mtaa wa Katuba, mwuza vitenge, aliniletea simu yake akisema mega zake, yaani data za intaneti, zinaliwa na mashetani. Alikuwa amenunua forfe, yaani kifurushi, ya WhatsApp ya wiki nzima, ile ya bei nafuu, na WhatsApp ikakataa kufunguka. Akaongeza pesa, akanunua forfe ya kawaida ya intaneti. Ikaisha kabla ya jogoo kuwika. Nilipotazama juu ya skrini nikaona alama ndogo ya ufunguo. VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwa njia ya siri hadi seva ya mbali, ilikuwa inawaka. Kijana wake ndiye aliyeipakua siku kadhaa nyuma, ili atazame mechi ya Ulaya, kisha akairudisha simu kwa mama bila kuzima kitu.

Shetani huyo ni rahisi kumfukuza. Forfe ya WhatsApp ama Facebook inategemea jambo moja: kampuni ya simu iweze kutambua kwamba data inayopita ni ya WhatsApp. Kazi ya VPN ni kuizuia isitambue. Ukiiwasha, kila kitu kinahesabiwa kama intaneti ya kawaida, na kama huna mega za kawaida, kinakwama. Lakini nilipokuwa nikimweleza hayo, Yaya akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake la haraka: "Sasa hii VPN ni ya kujificha ama ni ya kuangalia mpira?"

Matangazo yote ya VPN niliyowahi kusoma yanajibu kwamba ni ya vyote viwili, kwa bei moja, na leo kuna punguzo. Mimi nadhani swali la Yaya ndilo la kuanza nalo kabla ya kutoa hata faranga, kwa sababu kazi hizo mbili zinavutana.

Malori ya Kasumbalesa

Nani wa Lubumbashi asiyeijua foleni ya malori Kasumbalesa, mpakani na Zambia? Basi tuitumie. Simu yako ikiwa haina VPN, ni kama lori la wazi lililobeba makatoni. Siku hizi makatoni yenyewe yamefungwa vizuri: tovuti nyingi zinaanza na https, na WhatsApp husimba ujumbe kutoka simu hadi simu tangu 2016. Duane, ama forodha kama wasemavyo ndugu zetu wa Tanzania, haioni kilichomo ndani. Lakini juu ya kila katoni kuna anwani. Kampuni ya simu inaona kwamba saa tatu usiku ulifungua tovuti ya benki, saa nne ya magazeti, saa tano ile ambayo hutaki mke wako aijue. Ulichoandika ama ulichosoma huko, haikioni.

VPN inayaingiza makatoni yote ndani ya kontena moja na kulipiga lakiri. Sasa duane inaona namba ya lori, uzito, na kwamba linaelekea bohari fulani Johannesburg ama Paris. Basi. Huko bohari, yaani kwenye seva ya VPN, lakiri inakatwa na kila katoni linapelekwa kwa mwenyewe. Anayelipokea anaona limetoka Johannesburg, hajui kwamba safari ilianzia Kamalondo.

Nani anasoma anwani za makatoni sasa? Mwenye bohari. Jicho halijaondoka, limehama tu kutoka kwa kampuni ya simu kwenda kwa mwenye VPN. Na kampuni ya simu, hata ukiichukia, unajua ofisi yake ilipo. Iko chini ya ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, na chini ya sheria ya Kongo ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023, ambayo ina sehemu nzima juu ya data za watu. Mwenye VPN anaweza kuwa kampuni yenye sanduku la posta kisiwani, isiyoweka jina la mkurugenzi popote.

Kwa hiyo anayetafuta faragha anachagua mtu wa kumpa orodha ya kila mlango anaobisha. Kasi ya seva na idadi ya nchi ni maswali ya baadaye.

Bohari za bure

Mwaka 2013 Facebook ilinunua kampuni ya Israeli iitwayo Onavo, iliyokuwa na VPN ya bure ya kulinda simu. Watu wakaipakua kwa mamilioni. Facebook ikaitumia kuangalia watu wanatumia programu gani za washindani wake, Snapchat ikiwemo. Apple iliilazimisha kuondoka katika duka lake mwaka 2018, na mwaka uliofuata ikafungwa. Mwaka 2015 iligundulika kwamba Hola, VPN ya bure iliyopendwa sana na watazama filamu, ilikuwa inapitisha data za watu wengine kwenye intaneti ya watumiaji wake, na nafasi hiyo ikauzwa kupitia kampuni dada. Yaani mtu asiyemjua angeweza kufanya uhuni wake mtandaoni, na anwani inayoonekana ikawa ya nyumbani kwako.

Halafu kuna zile saba zenye makao Hong Kong, UFO VPN ikiwa mojawapo. Zote ziliahidi kwamba hazitunzi kumbukumbu yoyote ya mtumiaji. Julai 2020 ghala lao la data, zaidi ya terabaiti moja, lilikutwa wazi mtandaoni bila nywila, na ndani yake kumbukumbu zile zile zilizosemwa hazipo. Miaka minne kabla ya hapo watafiti wa CSIRO, taasisi ya sayansi ya serikali ya Australia, na wenzao walikuwa wamechunguza programu 283 za VPN za Android. Asilimia 38 zilikuwa na dalili za programu hasidi, na asilimia 18 hazikusimba data hata kidogo. Hizo za mwisho ni kontena bila mlango.

Sisemi kila cha bure ni sumu. Proton VPN ya Uswisi ina daraja la bure lisilo na kikomo cha mega wala matangazo. Gharama zake zinabebwa na wanaolipa daraja la juu. Hilo ndilo swali la kuuliza kila bure: nani analipia mafuta ya lori? Ukikosa jibu, wewe ndiye mzigo.

Ila kwetu hapa hatari kubwa kuliko hizo zote inapita kwenye vikundi vya WhatsApp. Kila mwezi utaona kijana anatuma faili: weka kwenye HA Tunnel Plus ama HTTP Custom, washa, intaneti ya bure. Vijana wanaziita VPN, na kwa maana fulani ni VPN kweli. Programu zenyewe ni chombo tu. Tatizo ni faili. Mara nyingi limefungwa ili usione kilichomo, nalo linaelekeza data yako yote kwenye seva ya mtu asiyejulikana. Huyo mtu anaidanganya kampuni ya simu kwamba data ni ya tovuti isiyolipiwa. Nauliza: mtu aliye hodari wa kuidanganya kampuni nzima, wewe unampa lori lako kwa nini? Tena siku kampuni inapogundua, laini inayofungwa ni yako, yenye jina lako na kitambulisho chako. Mwenye faili ameshahamia kikundi kingine.

Ahadi na mahakama

Karibu kampuni zote za kulipia huandika kwamba hazitunzi kumbukumbu. Maneno hayo hayana thamani mpaka siku polisi wanapobisha hodi. IPVanish iliahidi hivyo. Mwaka 2016 ikawapa wachunguzi wa Marekani rekodi za mteja. PureVPN iliahidi vile vile. 2017 rekodi zake zilisaidia FBI kumkamata mtu aliyekuwa akimsumbua mwanamke mtandaoni. Mkamatwa hakustahili kuonewa huruma, lakini rekodi zilizosemwa hazipo zilikuwepo.

Upande wa pili, Uturuki ilikamata seva ya ExpressVPN katika uchunguzi wa mauaji ya balozi wa Urusi, na haikupata kitu ndani. Aprili 2023 polisi wa Sweden waliingia ofisi za Mullvad mjini Göteborg wakiwa na hati ya upekuzi. Wakaondoka mikono mitupu, kwa sababu data waliyoitaka haikuwahi kuandikwa. Mullvad haikuulizi jina wala barua pepe. Unapewa namba ya akaunti, bei ni euro 5 kwa mwezi, na hata noti ndani ya bahasha wanapokea.

Proton nayo ina kisa cha kukumbuka. Mwaka 2021 ilibanwa na amri ya kisheria ya Uswisi, ikatoa anwani ya IP, ile namba inayoonyesha intaneti yako inatokea wapi, ya mwanaharakati wa Ufaransa. Hiyo ilikuwa huduma yao ya barua pepe, ambayo sheria ya Uswisi inaishughulikia tofauti na VPN. Wengi walikasirika. Mimi naona kisa hicho kinafundisha kusoma jina la huduma vizuri kabla ya kuitegemea: kampuni ni moja, ulinzi si mmoja. VPN yao inakaguliwa na Securitum, kampuni ya usalama wa kompyuta ya Poland, na msimbo wa programu zao uko wazi kwa yeyote kuusoma tangu 2020.

Usiamini sana orodha za "VPN kumi bora" unazokuta ukitafuta. Wengi wa waandishi wake hulipwa kila ukibofya na kununua. Kuna kubwa zaidi: kampuni ya Kape, ambayo zamani ikiitwa Crossrider ilihusishwa na programu za kusukumia watu matangazo, ina CyberGhost, Private Internet Access, na tangu 2021 ExpressVPN, iliyonunuliwa kwa dola milioni 936. Mwaka huo huo ilinunua pia kampuni inayomiliki tovuti za kuzipima VPN. Muuza mihogo akiwa ndiye mwenye mizani, unajua kilo itakuwa na gramu ngapi. NordVPN na Surfshark nazo ziko chini ya kivuli kimoja tangu 2022, ingawa kila moja inatangazwa kama mpinzani wa nyingine.

VPN haiwashi kilichozimwa

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kote, ikarudi baada ya karibu wiki tatu. Nakumbuka watu wakibadilishana majina ya VPN kama dawa ya kienyeji. Hakuna iliyofanya kazi, wala isingeweza. Barabara ikifungwa, lakiri ya kontena haina maana. Waliofaulu ni waliokuwa karibu na mpaka na wakashika mtandao wa Zambia.

Mambo ni tofauti serikali inapofunga milango michache tu. Mwanzoni mwa 2025, Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, X na TikTok zilizuiwa kwa muda. Intaneti yenyewe ilikuwepo, kwa hiyo lori lenye lakiri lilipita. Hapo sharti ni moja: iwe imo ndani ya simu kabla, kwa maana siku mlango unafungwa, duka la programu nalo linaweza kufungwa, na ndipo watu wanapoanza kutumiana mafaili yasiyojulikana yametoka wapi.

Na ukivuka mpaka, sheria inabadilika. Wafanyabiashara wa kwetu wanaokwenda Dar es Salaam kufuata magari na nguo wajue kwamba Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, TCRA, iliwaagiza watumiaji wa VPN kujisajili na kutaja anwani zao za IP kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Uganda imeifunga Facebook tangu uchaguzi wa Januari 2021, na VPN huko imekuwa kitu cha kila siku. Majirani wawili, hali mbili.

Sasa mpira

Anayetazama anataka kitu kinyume kabisa cha kufichwa. Anataka aonekane, waziwazi, kuwa yuko Brussels. Haki za mechi na filamu huuzwa nchi kwa nchi: aliyelipia Ubelgiji hajalipia Kongo, na huduma kama Auvio ya RTBF ama france.tv inasoma anwani yako ya IP kabla ya kukufungulia. VPN inakukodishia anwani ya huko.

Shida ni kwamba mlinda mlango anazijua bohari. Netflix ilipoenea karibu dunia nzima Januari 2016, mwezi huo huo ilitangaza vita na VPN. Inakusanya anwani ambazo maelfu ya watu wanaingia nazo kwa pamoja, inaziweka kwenye orodha. Ikikutambua, inakuonyesha tu zile filamu ambazo ina haki nazo duniani kote. Na wenye mpango wa bei nafuu wenye matangazo hawaruhusiwi VPN kabisa. Kampuni ya VPN inanunua anwani mpya, Netflix inazikamata, wananunua tena. Mbio hizo zinahitaji pesa nyingi, ndiyo maana wanaofaulu mara nyingi ni wale wakubwa wenye matangazo mengi, na ndiyo maana Mullvad, niliyoisifu hapo juu, ni mbovu kwa filamu. Proton ya bure nayo haijaahidi kufungua Netflix wala chochote.

Faragha hapo ni hadithi. Umeingia kwenye akaunti yenye jina lako na kadi yako. Huduma inakujua hata ukiwa ndani ya kontena kumi. Kwa hiyo mtazamaji asilipie mambo ya siri asiyoyatumia. Aangalie kama inafungua ile huduma moja anayoitaka, leo, kwenye simu yake. Kampuni kubwa nyingi hurudisha pesa ndani ya siku 30. Tumia siku hizo kwa ukali. Usilipe miaka miwili mbele kwa sababu ya punguzo. Seva inayofungua mwezi huu inaweza kufa mwezi ujao, na bei ya kuhuisha huwa si ile iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Jua pia kwamba unavunja mkataba wa huduma unayoitazama, na kwa kawaida adhabu yake ni kufungiwa.

Umbali nao una bei. Kutoka hapa hadi Johannesburg ni kilomita 1600 hivi kwa mstari wa moja kwa moja; hadi Paris ni zaidi ya 7000. Kwa kujificha tu, chagua seva ya karibu. Kwa mpira wa Ubelgiji huna budi kwenda mbali, na picha itasitasita. VPN yenyewe inaongeza uzito kidogo: ukitumia WireGuard, ile njia mpya na nyepesi, ni kama asilimia 4. Mzigo hasa ni picha. Netflix yenyewe inakadiria gigabaiti moja kwa saa kwa picha ya kawaida, na hadi 3 kwa picha safi. Mechi moja kwa mega za simu inaweza kula bukari, yaani ugali, ya wiki. Wi-Fi ama uache.

Kabla ya yote hayo, angalia kama mlango haujafunguliwa tayari. TV5MONDEplus, kwa mfano, ni ya bure na inafunguka hapa bila hila yoyote.

Malipo ni kikwazo cha wengi wetu. VPN nyingi zinataka kadi ya benki, na sisi tunaishi kwa pesa za simu. Tafuta ndugu mwenye kadi umpe pesa mkononi. Akaunti za dola moja zinazouzwa Telegram ziachwe: nyingi zimeibwa, na mwenyewe akibadilisha nywila mchezo umekwisha.

Nilichomwekea Yaya ni Proton ya bure, imezimwa. Anajua kuiwasha siku mitandao ikifungwa, ama akilazimika kutumia Wi-Fi ya gesti. Kuchagua programu zipi zipite ndani ya VPN na zipi zibaki nje ni kwa wanaolipia tu, kwa hiyo nilimwambia aizime kila anapotaka kutumia pesa za simu ama forfe yake ya WhatsApp. Programu za pesa hushtuka zikikuona asubuhi uko Katuba na mchana uko Uholanzi. Kama angekuwa mwandishi wa habari ama mtu wa haki za binadamu ningefanya vingine: ningewasha mipangilio miwili ambayo simu zetu za Kifaransa zinaiita "VPN permanent" na "Bloquer les connexions sans VPN", huo wa pili ukiwa ndio unaokata intaneti yote VPN ikianguka, na ningemwambia alipie. Yeye anauza vitenge. Safari ijayo ya Kariakoo ameamua kuiondoa kabla ya Tunduma, mpakani mwa Tanzania, akirudi ataipakua tena.

Kijana tulimtafutia ya kulipia mwezi mmoja, kwa Wi-Fi ya mjomba wake. Seva ya kwanza ilikataliwa, ya pili pia, ya tatu ikafungua. Dakika ya 30 umeme wa mtaa ukakatika, ruta ikazimika, mechi akaimalizia kwenye redio ya jirani.